Wanunuzi Kutoka Sindeni

Lea alikuwa anaosha vyombo uani aliposikia lori likisimama mbele ya nyumba, na kabla hajanyanyua kichwa alikwisha kuijua sauti ya injini. Lilikuwa lori la mahindi la Mzee Mdoe. Kwa miaka miwili moyo wake ulikuwa ukiruka kila lori lile lilipopita njiani. Siku hiyo haukuruka. Alimwaga maji machafu chini ya mpapai, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda kuwafungulia mlango watu waliokuja kuinunua nyumba yao.

Hayo yalikuwa Korogwe, mwaka uliofuata baada ya Mfalme Joji kufariki. Baba yake Lea, Mikaeli, alikuwa sajenti wa Keya, kama watu walivyoliita jeshi la Mwingereza. Kikosi chake kilikuwa kimepata amri ya kuhamia Kenya, na safari hii askari wenye familia walitakiwa wahame nazo, wakakae katika laini, zile nyumba za askari za safu safu, nje ya Nairobi. Sajenti alikuja kwa likizo fupi, akala, akanawa, akawaambia mkewe Justa na binti yake kwamba nyumba iuzwe. Hakuwa na ndugu wa kumwachia. Baba yake mwenyewe alitoka Songea kuja kukata mkonge, akafa bila kumwona tena mtu wa kwao. Na nyumba ya udongo isiyokaliwa, alisema Sajenti, huliwa na mchwa hata kama imeezekwa bati. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ambayo pengine aliitumia kuwapangia askari zamu za ulinzi, ingawa nyumba yenyewe aliijenga kwa fedha alizorudi nazo kutoka vita vya Bama dhidi ya Mjapani, na kila nguzo yake aliichagua kwa mkono wake. Kesho yake akarudi kambini.

Mama Justa alilia juma zima. Lea hakulia. Tangu jioni ile mwili wake ulikuwa kama wa mtu aliyechomwa sindano ya ganzi hospitalini: anaona kisu kinapita, anajua ni nyama yake inayokatwa, lakini maumivu hayaji. Aliendelea kuteka maji na kufagia. Majirani walimsifu kwa uvumilivu, naye aliwashukuru, maana hakujua awaambie nini.

Kilichokuwa kinakatwa kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Semboja, mtoto wa Mzee Mdoe, ndiye aliyekuwa akiliendesha lile lori kati ya Handeni na Korogwe, na ndiye aliyesimamia ghala la baba yake karibu na soko. Lea alikwenda pale siku moja kununua pishi mbili za mahindi, Semboja akampimia tatu, kisha akajifanya hajui kuhesabu. Mapenzi yao yalianzia hapo. Hawakuwahi kujificha vichakani wala kudanganyana. Semboja alimtuma mjomba wake na posa kama inavyotakiwa, na posa ikarudi. Sajenti alijibu kwamba binti yake amebatizwa misheni na ataolewa kanisani. Mzee Mdoe naye akasema mwanamke asiyesilimu hataingia nyumbani kwake Sindeni akaitwa mkwe. Wazee wale hawakupata kuonana, lakini katika jambo hilo walikuwa kitu kimoja.

Sasa Mzee Mdoe alikuwa anashuka kwenye lori, mtu mrefu mwenye kanzu iliyofifia na fimbo mkononi. Nyuma yake alishuka mkewe Mwantumu, na nyuma ya Mwantumu msichana mwembamba wa miaka kumi na minane hivi, amejifunga khanga mbili mpya ambazo bado zilikuwa ngumu. Semboja alibaki ameshika mlango wa lori. Alimtazama Lea mara moja, kisha akatazama chini.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti," alisema Mzee Mdoe. "Mama yako yupo?"

Mama Justa alikuwa amejilaza. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, akamwomba Lea awaonyeshe wageni nyumba yeye akijiweka sawa. Basi Lea akatangulia mbele. Aliwaonyesha sebule, akawaonyesha chumba cha mizigo, akaeleza dirisha lipi linabana wakati wa masika na mlango upi unataka kunyanyuliwa kidogo kabla ya kufungwa. Mzee Mdoe aligonga kuta kwa kiganja, akasikiliza. Alikuwa mnunuzi mzuri, hakutoa kasoro za uongo ili apunguziwe bei.

Walipofika chumba cha mwisho, kile kikubwa chenye sakafu ya saruji, Mwantumu alisimama katikati akazunguka polepole. Alionekana kuridhika.

"Hiki ndicho kitakuwa cha bwana na bibi harusi," alisema. Akamshika bega yule msichana. "Fatu, unakionaje? Kitanda utakiweka upande huu, upepo ukupate."

Fatu alitazama upande huo. Mwantumu akamgeukia Lea, akamweleza, kama mwanamke anavyomweleza mwanamke mwenzake habari njema, kwamba Fatu ni binti wa shangazi yake Semboja, na kwamba mambo yote yamekwisha kuzungumzwa. Baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, Mungu akipenda, ndoa itafungwa na vijana watahamia hapa hapa Korogwe, karibu na ghala.

Semboja alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao. Lea aliujua uso wake bila kugeuka. Alisubiri kitu kimpasuke ndani ya kifua, akasubiri tena, kisha akajisikia akisema, "Chumba hiki hakivuji. Vingine huvuja kidogo mvua ikija na upepo, lakini hiki hakivuji."

Mama Justa alipotokea, wazee walikaa barazani kuzungumza bei, na Lea akaenda jikoni kuchemsha chai. Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, kimeezekwa nyasi. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto pale kivuli cha Semboja kilipoingia kabla ya Semboja mwenyewe.

"Lea, usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Kama mtu usiyemjua."

Lea aliongeza ukuni mmoja. Semboja akachuchumaa mbele yake, akazungumza haraka haraka kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima kutoka Sindeni. Alisema yeye ndiye aliyemshawishi baba yake ainunue nyumba. Alisikia sokoni kwamba kuna tajiri anataka kuinunua aibomoe ajenge ghala, naye akakosa usingizi. Kila alipofumba macho alikiona kile kibaraza alipokuwa akimkuta Lea anachambua mchele.

"Nilisema ikiwa mikononi mwangu, siku ukichoka na Nairobi utakuwa na pa kurudi. Nilifanya kwa ajili yako."

"Na baba yako akakubali hivi hivi?"

Nje kuku walikuwa wanaparura majivu.

"Alikubali nikimwoa Fatu," alisema mwishowe.

Lea alikaa chini, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa kibanda. Alimtazama kijana huyu aliyempenda: nyusi zake nene, kovu dogo la kidevuni, vidole vyenye mafuta ya injini ambayo hayakuwa yakitoka hata kwa sabuni ya mche. Vyote vilikuwa pale pale, kama zamani. Alivitazama kama mtu anavyotazama vyombo vya dukani.

"Kwa hiyo nikichoka na Nairobi nirudi," alisema.

"Ndiyo."

"Nitalala chumba gani, Semboja? Vyumba ni vinne, na nimekwisha kuwaonyesha wenyewe vyote. Nionyeshe kilicho changu."

Semboja alisema alikuwa anafikiri huko mbele kuna muda, kwamba ndoa inaweza kuahirishwa, kwamba baba yake ni mzee na moyo wa mzee hulainika. Alivyozidi kusema ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua. Mwishowe aliomba kitu ambacho Lea hakukitegemea.

"Basi nikasirikie. Nitukane. Nipige hata kofi. Nitajua bado nipo moyoni mwako."

"Sina hasira," alisema Lea.

Ilikuwa kweli, na ndicho kitu pekee kilichomwogopesha siku hiyo. Aliitafuta hasira ndani yake kama mtu anayepapasa gizani mahali alipozoea kuweka kiberiti, asikione. Akamwambia Semboja aende akakae na wazee, chai itakuja.

Semboja alipotoka, Lea alimwona Fatu. Alikuwa amesimama nje ya kibanda, amebeba kopo tupu la kunawia miguu, na haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliingia taratibu, akaweka kopo chini.

"Dada, maji mnachota wapi?"

"Mtoni. Si mbali. Ukiinjika maharage unakwenda na kurudi hayajaanza kuchemka."

"Kwetu Sindeni wakati wa kiangazi tunatoka alfajiri, tunarudi jua limepanda." Fatu alifikiri kidogo. "Ningeipenda nyumba hii kwa maji tu."

Lea alimpa kigoda, Fatu akaketi. Walitazama moto, na mvuke ukaanza kutoka kwenye birika. Kisha Fatu akasema, bila kunyanyua macho, "Nimesikia mliyoyazungumza."

"Nilidhani hivyo."

"Mimi Semboja sikumwomba, dada. Niliitwa ndani, nikaambiwa. Nikisema simtaki watanigombeza siku mbili tatu, watanyamaza. Baba yangu si mkali. Nikisema hivyo, utabaki?"

Swali lile lilistahili jibu la kweli, na aliyeliuliza hakuwa na kosa. Alimfikiria mama yake barazani, ambaye hakuwahi kupanda treni maishani mwake. Akamfikiria baba yake, anayepiga saluti anapoamriwa na anayetaka nyumbani kwake kuwe hivyo hivyo.

"Sitabaki," alisema. "Mama hawezi safari ile peke yake, na baba amekwisha kuamriwa."

"Basi nikubali?"

"Sikwambii ukubali. Nakwambia usikatae kwa ajili yangu, kwa sababu mimi sitakuwepo kukushukuru. Mtazame mwenyewe, uone kama unamtaka."

"Nimtazame vipi?" Fatu alisema. "Tangu tutoke Sindeni yeye hajanitazama."

Lea alimmiminia chai, akamtilia sukari nyingi kama anavyotiliwa mgeni wa heshima, wakanywa pamoja mle jikoni kabla ya kupeleka ya wazee.

Nyumba iliuzwa alasiri ile ile, mbele ya jumbe na majirani. Mama Justa aliomba kitu kimoja, wakae humo mpaka siku ya safari, na Mzee Mdoe akakubali kabla mama hajamaliza kusema. Walipokuwa wanaagana, mzee yule alimwita Lea pembeni ya lori. Alimwambia nyumba imetunzwa, na kwamba anajua mikono ya nani imeitunza. Akachora mchanga kwa fimbo.

"Mimi sikuwa na neno nawe, binti. Mwanangu hakuchagua vibaya. Ni dini tu."

"Ndiyo, mzee," alisema Lea.

Siku zilizofuata zilikwenda kwa kufunga mizigo na kugawa. Kinu walipewa majirani, kuku waliuzwa, kitanda cha chuma cha Sajenti kikafunguliwa vipande na kushonewa kwenye magunia. Semboja hakuja. Lori lilipita njiani mara mbili, na mara zote mbili aliyeliendesha alikuwa mtu mwingine. Mama Justa aliliona hilo, akamtazama binti yake. Usiku Lea alilala usingizi mzito usio na ndoto, akaamka kila asubuhi bila kukumbuka kama amelala.

Siku ya safari nusu ya mtaa ilikuja stesheni. Wanawake walimkumbatia Mama Justa, wakaimba wimbo wa kanisani, hata akina mama wa Kiislamu wakaitikia walipoweza. Lea aliwashika watu mikono, akawaahidi salamu kutoka Nairobi. Aliangalia jukwaa lote, mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akapanda, akamtafutia mama yake nafasi dirishani. Treni ilipoondoka, bati la nyumba yao lilionekana kidogo nyuma ya miembe, likapotea, yakaja mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari, ikipita bila mwisho.

Treni ilisimama Mombo muda mrefu kwa sababu ya maji ya injini. Watu walishuka kununua ndizi. Walipoanza kupanda tena, Lea alimwona Semboja anakuja katikati ya behewa akiwapisha watu na vikapu vyao. Alikuwa amevaa shati moja jeupe lililopauka, ana kifurushi kidogo kwapani. Alikuwa amepanda tangu Korogwe, behewa la mwisho kabisa, na muda wote huo alikuwa anatafuta ujasiri wa kuja mbele.

Alisimama mbele yao. Mama Justa alikuwa amefumba macho, rozari mkononi, na haikujulikana kama amelala.

"Fatu amekataa," alisema Semboja. "Aliwaambia wazee wote kwamba hataki kuwekwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Baba akadhani mimi ndiye niliyemtia maneno. Nikamwambia hapana, lakini ningekuwa mwanamume ningeyasema mimi kabla yake. Akaninyang'anya ufunguo wa ghala na wa lori."

"Mama yako je?"

"Alilia. Alinipa nauli kwa siri."

Treni ilijivuta, ikaanza kwenda. Semboja akashika chuma cha juu asije akaanguka.

"Sasa unataka nini, Semboja?"

"Kukaa hapa. Mpaka Moshi. Tukifika Moshi ukisema nishuke, nitashuka."

"Na nisiposema?"

"Nitakwenda kumwamkia baba yako Nairobi. Atanifanya atakavyo."

Lea alimwangalia. Alijua kwamba wasichana wengi wangelia kwa furaha. Akaona ni haki amwambie ukweli, kwa kuwa amekwisha kupoteza mengi na isingefaa apoteze mengine kwa kudanganywa.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Nimekuona ukija, na sikusikia kitu. Si kwamba nakuadhibu. Sijui kimekwenda wapi, na sijui kama kitarudi."

Semboja aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa hali ya barabara iliyo mbele yake.

"Basi tutakaa hivyo hivyo," alisema.

Upande wa pili wa behewa mtoto alikuwa analia na mama yake anambembeleza. Ndipo Mama Justa alipozungumza bila kufumbua macho.

"Lea, sogea. Mtoto wa watu atasimama mpaka Moshi?"

Lea akasogea. Semboja akaketi ukingoni mwa benchi, nusu yake nje, kifurushi chake magotini. Mama Justa sasa alifumbua macho, akamtazama kijana huyo kwa muda mrefu sana, kuanzia nywele zenye vumbi hadi viatu. Alisema Sajenti atamuuliza yeye, na hajui atamjibu nini, lakini Nairobi ni mbali na jibu linaweza kupatikana njiani. Kisha akavuta kikapu kutoka chini ya benchi, akafungua sufuria lililofungwa kwa kitambaa. Akampa Lea paja la kuku juu ya kipande cha muhogo, na kwa kidevu akamwonyesha ampe Semboja.

Semboja alipokea kwa mikono miwili, lakini hakula. Aliitazama nyama, akaona haya. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na hilo lilionekana, ila hakujua aulize vipi bila kumvunjia heshima mama huyu.

"Kachinjwa na Mzee Athuman, jirani yetu," alisema Mama Justa. "Kula bila wasiwasi."

Semboja akasema Bismillahi kwa sauti ndogo, akala. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, na machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, asiyafute kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Lea alimtazama akila. Alimtazama mpaka milima ya Usambara ilipoanza kubaki nyuma na nchi ikawa kavu, ya rangi ya majivu. Alipogeuka kumtazama mama yake aligundua kwamba, kwa mara ya kwanza tangu baba yake aseme nyumba iuzwe, anasikia njaa.

Akanyoosha mkono ndani ya sufuria.